Vipande vinne vya kaboni na wiki tatu za Malindi

Kazi ilikuwa kufufua vipande vinne vya gari: vifuniko viwili vya saidi mira, ukanda mrefu wa dashibodi upande wa abiria, na fremu inayozunguka gia. Vyote kaboni halisi, yaani kitambaa cha nyuzi za kaboni kilichogandishwa kwa resini, na kila kimoja kimechakaa kivyake. Vifuniko vya nje vilikuwa vimegeuka manjano kama kurasa za juzuu ya zamani, klia, ile rangi angavu ya juu kabisa, ikibanduka magamba magamba. Ukanda wa dashibodi ulikuwa umepauka upande mmoja tu, ule unaopigwa na jua la alasiri. Fremu ya gia ilikuwa imekwaruzwa na pete, funguo na sarafu za miaka. Hesabu ya mwanzo ilikuwa siku tatu na shilingi 6,000. Ilikwenda wiki tatu na shilingi 13,200. Sehemu ya tofauti hiyo ni barakoa ya vichujio ambayo ilistahili kuwemo kwenye hesabu tangu mwanzo; iliyobaki ni ada ya makosa.

Kabla ya kugusa msasa ni vizuri kuelewa kinachochakaa. Kaboni yenyewe haipauki. Uzi wa kawaida wa kufumia umekusanya nyuzi 3,000, kila moja na unene wa mikroni 7 hivi (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), na jua haliwezi kuufanya lolote katika umri wa gari. Kinachokufa ni kilichoufunika: resini ya epoksi, na klia iliyopulizwa juu yake. Epoksi haipatani na miale ya urujuanimno. Hugeuka njano, kisha huanza kutoa unga mweupe kama chokaa. Klia nzuri ya gari ina dawa ya kuzuia miale hiyo, kwa hiyo inafanya kazi ya mwavuli, na mwavuli ukitoboka epoksi ya chini inabaki uchi. Halafu kuna jambo linalowaponza wengi: msuko unaouona mara nyingi ni kitambaa kimoja tu cha kaboni, unene wa robo milimita hivi, kilicholazwa juu ya faiba ya kawaida, ile ya nyuzi za kioo, au plastiki. Ukikitoboa, hakuna kaboni nyingine chini yake. Kazi nzima, basi, inafanyika ndani ya unene usiofika nusu milimita.

Hakikisha kwanza kwamba ni kaboni. Baadhi ya magari yanayoshuka bandarini Mombasa kutoka Japani yana kaboni ya picha, ama viniili iliyobandikwa ama plastiki iliyochovywa ikavishwa mchoro. Washa tochi ya simu na uisogeze pembeni ya kipande polepole. Kwenye kaboni halisi mistari hubadilishana: iliyokuwa myeusi hung'aa, iliyokuwa inang'aa huzimika, kama ukili wa rangi mbili unapougeuza juani. Picha haifanyi hivyo. Inang'aa yote kwa pamoja au haing'ai kabisa. Tazama pia ncha na upande wa nyuma. Viniili huwa imekunjwa ikabandikwa kwa ndani. Kama ni picha, weka msasa chini. Dakika moja ya kusugua inatosha kuimaliza, na dawa yake ni kubandua na kuvisha viniili mpya.

Kipimo cha pili kinachukua nusu dakika na ndicho kinachoamua kama kazi inawezekana. Chovya kidole kwenye maji safi au spiriti, pakaza mahali palipopauka, kisha tazama pakiwa pabichi. Msuko ukirudi mweusi na wazi, ubovu uko kwenye klia au juu juu ya epoksi, na utatoka. Weupe ukibaki vile vile chini ya maji, resini imeachana na nyuzi kwa ndani, hewa imeingia. Hapo utasugua mpaka ufike kwenye kaboni na weupe utakuwepo bado. Kifuniko cha kulia kilikuwa na doa la namna hiyo, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, karibu na bawaba. Lilionekana siku ya kwanza na likapuuzwa, kwa matumaini kwamba klia mpya italificha. Klia haifichi kitu. Ni kioo.

Kuvua vipande kuna hatari zake. Ukanda wa dashibodi upande wa abiria uko jirani na mfuko wa hewa wa ajali, kwa hiyo vua waya wa hasi wa betri, ungoje dakika kumi hivi, ndipo uingize kijiti cha plastiki kung'oa klipu. Bisibisi ya chuma inakwaruza plastiki ya pembeni na kuvunja masikio ya klipu. Huku pwani utakutana na jambo jingine: skrubu zimeoza kupita kiasi ukilinganisha na skrubu nyingine za gari hilo hilo. Kaboni inapitisha umeme, na ikigusana na aluminiamu au chuma penye unyevu wa chumvi, hiyo metali ndiyo inayoliwa. Tulikuta bano moja la aluminiamu limegeuka unga mweupe kabisa. Wakati wa kurudisha, weka skrubu za chuma kisichoshika kutu na washa za nailoni kati ya chuma na kaboni. Washa hizo ni shilingi chache tu, na zinauzwa penye vifaa vya boti.

Kisha kuosha, na hapa watu wengi hupita mbio. Adui wa klia ni silikoni, na silikoni imejaa ndani ya gari: ile dawa ya kung'arisha dashibodi inayopulizwa kwenye vituo vya kuosha magari karibu yote inayo. Mafuta ya nazi ya mkononi nayo yana madhara yake. Ukiyaacha, klia itakimbia mahali hapo na kufanya vishimo vya duara kama macho ya samaki, na ukiongeza klia juu yake vishimo vinaongezeka kina. Osha kwa maji na sabuni ya vyombo. Kausha. Kisha chukua vitambaa viwili: kimoja umekilowesha dawa ya kuondoa nta na grisi, cha pili kikavu. Futa kwa cha kwanza, na kabla hakijakauka fuata kwa cha pili. Ukitumia kimoja tu unahamisha mafuta kutoka kona hii kwenda ile. Fanya hivyo kabla ya msasa, kwa sababu msasa huyakandamiza mafuta ndani ya mikwaruzo, kisha urudie baada ya msasa. Maji ya kusuuzia yasiwe ya kisima. Maji ya visima vingi vya Malindi yana chumvi, na chumvi ikibaki chini ya klia itavuta unyevu na baada ya miezi utaona malengelenge. Dumu moja la maji ya mvua, au chupa kubwa mbili za maji ya kunywa, zilitosha vipande vyote vinne.

Msasa ni wa maji, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Vumbi la kaboni likikauka linawasha ngozi, linaingia kifuani, na kwa kuwa linapitisha umeme halitakiwi kabisa kurukaruka karibu na swichi za gari. Usisugue kipande kikiwa bado garini. Vaa mikono mirefu, glavu na barakoa ya vumbi hata kama unatumia maji, na ukimaliza osha mikono kwa maji baridi yanayotiririka bila kujisugua. Ukijisugua unazichomeka nyuzi ndani ya ngozi na utajikuna hadi kesho kutwa.

Kibao cha kusugulia: kata kipande cha kandambili kuukuu, sentimita 8 kwa 5. Kinapinda kwenye mzunguko wa kifuniko bila kuchimba, na hakuna cha dukani kilichofanya kazi vizuri zaidi. Weka tone moja la sabuni ya vyombo kwenye ndoo. Kwa fremu ya gia yenye mikwaruzo tu, anza na msasa namba 1000. Kwa klia inayobanduka, anza na 400 uondoe magamba yote, kisha 600, kisha 800. Usianze na 220, iliyo kali zaidi, hata kama mkono unachoka. Zungusha mwelekeo kila unapobadilisha namba: ya kwanza kwa urefu, inayofuata kwa mshazari, ili ujue mistari ya namba iliyopita imekwisha.

Macho yawe kwenye maji. Uji unaotoka ukiwa mweupe kama tui, unaondoa klia. Ukiwa wa manjano, umefika kwenye epoksi iliyoungua na jua, na ni vizuri itoke. Ukianza kuona kijivu, simama hapo hapo. Kijivu ni kaboni. Futa, kausha, tazama kwa tochi: nyuzi zilizoguswa huonekana kama mabaka yenye weupe wa fedha, zimefubaa, hazina kina.

Kosa la kwanza lilikuwa hapo, na lilikuwa kwenye ncha. Kwenye uso tambarare shinikizo la mkono linasambaa, lakini kwenye ncha na kwenye mgongo wa kifuniko linakusanyika kwenye mstari mmoja, na isitoshe klia na resini huwa nyembamba zaidi mahali hapo kwa sababu hutiririka zikiwa mbichi. Kifuniko cha kushoto kilitobolewa mgongoni, urefu wa sentimita 4, kwa msasa wa 400, ndani ya muda usiozidi dakika mbili. Uji uligeuka kijivu, ukadhaniwa ni uchafu wa ndoo, mkono ukaendelea. Mistari miwili ya msuko ikatoweka na faiba ya kijani-nyeupe ikachungulia. Hilo halirudi. Tangu siku hiyo ncha zote zinabandikwa tepu ya karatasi safu mbili hadi namba 800, na tepu inavuliwa mwishoni tu, ncha zikapitishwa kwa kidole na msasa wa 1000, mara sita au saba, basi. Na maji ya ndoo yanabadilishwa kila namba, ili rangi ya uji iseme ukweli.

Kama baada ya msasa uso ni sawa na hakuna kaboni iliyoguswa, nenda moja kwa moja kwenye klia. Fremu ya gia ilikwenda hivyo. Lakini palipobaki mabonde, au kaboni ikiwa imefunuliwa, inatakiwa safu ya epoksi kwanza, ili nyuzi zilizofubaa zilowe tena na uso ujae. Hapo ndipo Malindi ilipotupotosha, kwa sababu huu ni mji wa boti. Kuna mafundi hodari wa faiba ya mashua za uvuvi, na kila mmoja ana resini tayari. Resini hiyo kwa kawaida ni poliesta. Poliesta ikiwekwa juu ya epoksi iliyokwisha kukauka haishiki vizuri; itakaa miezi, kisha itabanduka kama ganda la yai. Juu ya kaboni ya gari tumia epoksi, tena ile angavu iliyotengenezwa kwa kuonekana, ambayo haina rangi ya asali.

Ushauri uliofuata, wa mafundi hao hao, ulihusu hadna, dawa inayogandisha resini; ulikuwa na nia njema na ndio uliotugharimu zaidi. "Ami, ongeza hadna kidogo, ikauke upesi, mvua hizi zaja." Kwa poliesta ushauri huo una mantiki: hadna yake ni asilimia moja au mbili tu, inachochea resini ijigandishe yenyewe, na ukiongeza kidogo inaganda haraka. Epoksi haifanyi kazi hivyo. Hadna ya epoksi ni nusu ya ndoa. Kila chembe ya resini inatafuta mwenzake wa hadna, na zikizidi za upande mmoja zinabaki bila wenza humo humo ndani. Ukanda wa dashibodi ulipakwa mchanganyiko wenye hadna iliyozidi kwa kukisia. Baada ya siku mbili ulikuwa bado unanata kama halwa, na baada ya siku nne ulikuwa vile vile. Hakuna jua wala muda unaoponya hilo. Ilibidi ikwanguliwe kwa kijiti cha plastiki, ifutwe kwa spiriti vitambaa kumi na mbili, kisha msasa upya.

Kwa hiyo pima. Mizani ndogo ya dijitali inayosoma sehemu ya kumi ya gramu inatosha. Soma kopo kama uwiano umetolewa kwa ujazo au kwa uzito, kwa sababu hadna ni nyepesi kuliko resini na namba mbili hizo hazilingani. Yetu ilikuwa 100 kwa 30 kwa uzito. Ukanda ulikuwa sentimita 70 kwa 9, yaani eneo la sentimita za mraba 630. Safu ya robo milimita inataka kama gramu 17. Resini gramu 13, hadna gramu 3.9. Changanya polepole dakika tatu, ukikwangua kuta na chini ya kikombe, kisha mimina kwenye kikombe kingine safi na uchanganye tena dakika moja. Resini iliyonata kwenye kuta za kikombe cha kwanza huwa haijachanganyika, na ukiikamua hadi tone la mwisho utapata alama zisizokauka.

Joto linabadilisha saa yako. Kila nyuzi joto 10 zinazoongezeka, muda wa kufanya kazi hupungua kwa karibu nusu, na maelekezo ya kopo mara nyingi yamepimwa kwenye nyuzi 20 au 25, wakati banda la Malindi mchana wa kaskazi liko 31 au 32. Usichanganye nyingi mara moja na usiiache imesongamana kwenye kikombe: inajipasha moto yenyewe, na gramu 100 kwenye kikombe kirefu zinaweza kutoa moshi. Ieneze kwenye sahani pana, ipake kwa brashi ya sponji, na mapovu yapitishie hewa ya moto kwa umbali wa sentimita 20, haraka, bila kusimama. Safu nyembamba mbili ni bora kuliko moja nene. Ya pili ipakwe ya kwanza ikiwa imeshika lakini bado inanatanata kidogo chini ya glavu, na hapo huhitaji msasa kati yake.

Asubuhi yake uso ulikuwa mgumu na unang'aa, lakini ukiupitishia kidole unahisi utelezi, kama sabuni iliyokaukia. Huo ni utando unaotokana na hadna kuungana na unyevu na hewa chafu ya ukaa, na pwani huja karibu kila mara. Ukipiga msasa juu yake unaukandika ndani, msasa unajaa donge, na klia itakayofuata itabanduka. Thina haiutoi. Maji ndiyo yanayoutoa: maji vuguvugu na sponji ya kijani ya kusugulia masufuria, dakika mbili tatu, kisha futa. Jaribu kwa kidole. Utelezi ukiisha ndipo uanze msasa. Hili ni jambo dogo sana na sijui kwa nini halisemwi mara nyingi zaidi, kwa sababu baadhi ya klia zinazobanduka mapema huanzia hapa.

Kuna hatua moja ambayo mtu wa nchi baridi anaweza kuiruka na wa Malindi asiiruke. Epoksi iliyokauka kwa joto la kawaida huanza kulegea kwenye nyuzi 50 hadi 60, na dashibodi ya gari lililofungwa juani hupita 70. Ukipuliza klia mapema, siku gari litakapoegeshwa juani resini italegea na kunywea, na msuko utajichora juu ya klia iliyokuwa kama kioo. Afadhali inywee kabla. Vipande vilikaa siku moja kivulini, siku ya pili ndani ya gari asubuhi na vioo vimeshushwa kidogo, siku ya tatu na ya nne ndani ya gari lililofungwa kutwa nzima, vimelazwa juu ya taulo, havikuegemezwa kitu. Jioni ya nne, ukipeleka macho usawa wa uso, msuko ulikuwa umejitokeza kidogo kama mkeka chini ya shuka. Msasa wa 600, kisha 800, ukawa sawa, na haukurudi tena.

Klia iwe ya aina mbili, yenye hadna yake. Ya kopo la kawaida isiyo na hadna haihimili jua la nje. Yetu ilikuwa sehemu 2 za klia kwa 1 ya hadna, na thina ya polepole kwa asilimia 10: mililita 150, 75, na 20 hivi, zikatosha vipande vinne safu tatu. Thina ya haraka kwenye joto hili hukauka hewani kabla ya kutua na uso unakuwa kama ganda la chungwa. Bunduki ya tundu la milimita 1.3, upepo wa bari 2, umbali wa sentimita 15 hadi 20, kila mpito ufunike nusu ya uliopita. Safu ya kwanza iwe nyembamba, isilowe sana. Ngoja dakika 15. Gusa tepu ya pembeni, usiguse kipande: ikishika kidole bila kuvuta uzi, endelea. Safu ya pili na ya tatu zilowe. Kompresa iliyokodishwa ilikuwa na tangi lililojaa maji. Ukifungua koki ya chini yanatoka kama ya birika. Toa maji hayo kabla, na uweke kichujio cha maji kwenye mpira, la sivyo matone yatatoka na klia.

Barakoa si mapambo. Hadna ya klia hii ina kemikali iitwayo isosianeti, na mvuke wake unaweza kumwachia mtu pumu ya kudumu. Kitambaa hakifai, barakoa ya karatasi haifai. Inatakiwa ile ya mpira yenye vichujio vya mvuke na vumbi, inayobana uso, vichujio vikiwa vipya, na kazi ifanyike mahali wazi penye upepo mtulivu, watoto na majirani wakiwa mbali. Mwenye ndevu haimbani vizuri. Shilingi 3,200 zilizotumika hapo ndizo pekee zisizo na majuto. Kama huna barakoa hiyo, fanya msasa na epoksi mwenyewe na umpe fundi wa spreyi klia aipulize kwenye chumba chake.

Siku ya kupuliza iliharibika kwa sababu ya paa. Banda lilikuwa la makuti. Sakafu ilimwagiwa maji kutuliza vumbi, pembeni pakazungushiwa nailoni, lakini juu hapakuwekwa kitu. Saa tano asubuhi kaskazi ikapanda, makuti yakatikisika, na unga wa kahawia pamoja na vijiti kama nywele vikaanza kushuka polepole juu ya safu ya tatu iliyolowa. Kipande kimoja kiliangukiwa na kipisi cha kuti urefu wa nusu kidole, kikazama. Usijaribu kukichomoa kwa kidole. Acha, ngoja ikauke, utakitoa kwa msasa. Tulijaribu kukichomoa.

Baada ya siku sita, vipande vimepigwa msasa tena, kopo la hadna lilifunguliwa likakutwa limefanya wingu na ukoko mdomoni. Hadna hii hunywa unyevu wa hewa. Kopo lililofungwa nusu nusu kwa hewa ya baharini halidumu wiki. Ikifika hapo usiitumie, hata kama chini inaonekana nzuri. Klia nyingine na hadna yake, shilingi 2,400. Siku hizi kopo linafutwa mdomo, linafungwa kwa kugongwa, na linawekwa ndani ya mfuko wa nailoni. Mara ya pili kazi ilifanyika saa mbili na nusu asubuhi: umande umeshakauka, upepo haujapanda, na shuka safi la nailoni limetandwa chini ya makuti. Jioni haifai, usubi huja na mwanga. Mvua ikiwa karibu ahirisha, hata kama vipande vimekwisha kufutwa. Masika haina haraka na wewe.

Acha siku mbili kamili kabla ya kung'arisha, tatu kama kuna unyevu. Msasa wa 1500 kuondoa vumbi lililotua, kisha 2000, kisha 3000, kisha kampaundi, dawa ya kung'arishia, kwa sponji, mashine ikizunguka taratibu na haikai mahali pamoja. Kila safu ya klia ikikauka inaacha kama mikroni 20 na kidogo, kwa hiyo safu tatu ni mikroni 60 na ushei, unene usiofika unywele mmoja mnene. Usijitafutie ukamilifu mwishoni. Punje moja ya vumbi iliyobaki haitaonekana na mtu, lakini shimo litaonekana kutoka ng'ambo ya barabara.

Matokeo hayakulingana. Fremu ya gia iliyoguswa kidogo ndiyo iliyotoka nzuri kuliko zote, na ilichukua saa tano tu za mikono. Ukanda wa dashibodi una kina ambacho haukuwa nacho hata ulipokuwa mpya, pengine kwa sababu resini imeongezeka. Kifuniko cha kulia kina lile doa la weupe karibu na bawaba, chini ya klia inayong'aa, na sasa linaonekana vizuri zaidi kuliko zamani. Cha kushoto kilipakwa rangi nyeusi nyembamba kwa brashi ya kuchorea pale msuko ulipotoweka, kabla ya epoksi; ukisimama mita mbili huoni, ukiinama unaona mstari mfupi usio na msuko, kama mkeka uliotiwa kiraka. Wiki nne za kwanza vyote vinaoshwa kwa maji tu, bila nta. Baada ya hapo vya nje vinapakwa nta yenye kinga ya jua kila miezi mitatu, na gari linageuzwa linapoegeshwa, leo pua kuelekea bahari, kesho kuelekea barabara.